Maji ya Heshima ya Mzee Ndovu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na vikao kama sisi, mto mmoja ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Katikati ya mchanga huo palikuwa na kisima kimoja, na nchi nzima ilikunywa hapo.

Aliyekichimba ni Ndovu. Alikuwa Mkuu wa Kisima kwa miaka mingi, na kazi aliijua. Alinusa mchanga, akapiga pembe, maji yakatoka. Alipozeeka akastaafu, na wanyama wakampa ahadi mbele ya ngoma, kama ilivyokuwa desturi yao: "Aliyetua mzigo anywe kwanza kila alfajiri. Akiubeba tena, arudi kwenye foleni." Hayo waliyaita maji ya heshima.

Hakuna aliyenung'unika. Mzee amefanya kazi, acha anywe.

Lakini marupurupu nayo huzaa. Mwanzoni Ndovu alikunywa peke yake. Baadaye akaja na mkewe. Wakafuata wakwe, na mashemeji wa wakwe, halafu mzee akaona si vibaya akioga kidogo, kwa ajili ya magoti yake. Chubwi, chubwi, chubwi. Wakiondoka, kisimani hubaki tope. Wadogo walilamba tope hilo wakashukuru, maana wangefanyaje?

Nyati, Mkuu mpya wa Kisima, aliyaona yote akanyamaza. Na yeye alikuwa akiitazamia siku yake ya kustaafu.

Ukame ulipozidi, hata tope likakosekana. Mama Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na macho mepesi, alimzika mwanawe wa kwanza. Akabaki na binti mmoja, Chausiku, naye alikuwa amelala chini, midomo imempasuka, hawezi hata kulia. Basi mama akamfuata Ndovu nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Binti yangu anakufa kwa kiu. Tuachie maji kidogo, au tuonyeshe pengine pa kuchimba. Pua yako ndiyo inayojua."

Ndovu akapepea masikio. "Pole sana, mama. Lakini kunywa kwanza ni haki yangu, na kuchimba si kazi yangu tena. Mimi nimestaafu."

"Hata kutuonyesha kwa mkonga tu?"

"Mstaafu hanyooshi mkonga. Muulizeni Nyati."

Nyati naye alijibu hivi: "Nimejaribu kuchimba kwingine, nimepata mawe. Na mzee siwezi kumgusa. Nikimpunguzia yeye leo, kesho nani ataninywesha mimi?"

Nguchiro akarudi nyumbani akalia. Alilia kweli, wala siwafichi. Kisha akapangusa macho akawaza. Mkubwa anaweza kuacha kiti, anaweza kuacha kazi, lakini kuna jambo moja asiloliacha hata akistaafu: kusahihisha wenzake.

Asubuhi, Ndovu alipokuwa amejinyoosha kando ya mto baada ya kunywa, Nguchiro aliwaita wanyama wote waje watazame. Akaanza kuchimba mbele ya mzee, mahali penye changarawe kidogo juu ya mwamba. Kwaru, kwaru, kwaru.

Ndovu akafumbua jicho moja. "Unafanya nini wewe?"

"Nachimba kisima, mzee. Usijisumbue, pumzika."

"Hapo ni mwamba."

"Ndivyo wanavyosema vijana, mzee. Siku hizi visima vinachimbwa mwambani. Ile njia yako ya zamani, wanasema, ilikuwa bahati tu."

"Bahati?" Ndovu akaketi.

Kwaru, kwaru. Changarawe ikarushwa juu, upepo ukairudisha shimoni.

"Hairushwi upande wa upepo," Ndovu akasema.

"Ndiyo njia ya kisasa, mzee."

"Kisasa kitu gani? Sogea."

"Lakini umestaafu."

"Sogea, nimesema."

Akainuka. Akanusa huku, akanusa kule, akateremka chini ya ukingo, akapiga pembe. Gubu, gubu, gubu. Akamwita Nyati ashike upande wa pili, akamkemea Twiga kwa kusimama ovyo, akaamuru mchanga usombwe haraka. Alionekana kijana. Hapo hata mimi ninayewasimulia namhurumia, kwa sababu alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu astaafu.

Maji yakatoka. Fyuuu. Yalikuwa mengi, safi, ya baridi.

Ndovu akanyoosha mkonga anywe. Nguchiro, asiyefika hata kwenye goti lake, akasimama mbele yake.

"Umefanya kazi, mzee," akasema. "Umeubeba mzigo tena, na sote tumeona. Foleni iko kule."

Ndovu akamtazama Nyati. Nyati akatazama chini. Wanyama wakaikumbuka ile ahadi waliyoitoa mbele ya ngoma, wakajipanga, wadogo mbele. Chausiku akabebwa mpaka ukingoni, akanyweshwa tone kwa tone, akafumbua macho.

"Umenitega," Ndovu akasema taratibu.

"Nimekutega, mzee wangu. Nisamehe. Lakini maji yatakufikia, yanatutosha wote."

"Mimi? Nisimame nyuma ya panya?"

"Nyuma ya panya utakunywa, mzee. Na kesho utakunywa tena."

Ndovu akaushusha mkonga. Mkewe na wakwe zake wakaingia kwenye foleni wakanywa wakashiba. Yeye akageuka, akashika njia ya nyika kwenda kutafuta nchi itakayompa maji ya kwanza. Nguchiro alimkimbilia akamsihi, akamng'ang'ania mkia mpaka akaburuzwa vumbini. Mzee hakutazama nyuma.

Mvua ziliponyesha walimkuta chini ya kilima, mifupa mitupu. Nguchiro alimlilia kama anayemlilia baba yake, na ujanja ule hakujisifia hata siku moja, ingawa binti yake alikuwa hai kwa sababu ya ujanja huo.

Wanangu, haki isiyo na mpaka huanza kwa kuwaua wengine, ikaishia kumuua mwenyewe.