Kipande cha Nane

Hapo zamani, nisikilizeni kisha mniamulie, palikuwa na mjane aitwaye Mashavu. Aliishi peke yake ng'ambo ya mto. Kijiji kizima kilikuwa upande wa pili. Kila masika mto ulilibeba daraja lote, na kwa miezi mitatu Mashavu hakuwa na wa kumpigia hodi.

Mwaka mmoja alimwendea seremala Mdoe.

"Kaka Mdoe, safari hii lijenge kwa vipande saba, kila kimoja juu ya nguzo zake. Vyote kipimo kimoja, matundu mamoja, vigingi vimoja. Mto ukichukua kimoja, tunapachika kingine, vilivyobaki haviguswi."

Akampa fimbo ya kipimo aliyoikata mwenyewe.

Mdoe, ambaye wanawe wote walikuwa wamehama, akachonga. Watu wakamcheka, akachonga. Akamaliza saba, akachonga na cha nane cha akiba.

Masika yakaja. Mto ukang'oa kipande cha katikati. Siku hiyohiyo binti wa Jumbe Mhina, akirudi kwao kujifungua, akashikwa na uchungu ng'ambo, nyumbani kwa Mashavu. Mkunga yuko kijijini, hana pa kupita.

Akatokea mpita njia, Semboja, mtu asiye na kwao. Akajifunga kamba, akaingia majini na kipande cha nane, akakipachika. Kikakaa sawasawa. Lakini vidole vyake viwili vilisagika kati ya mbao. Mkunga akavuka. Mtoto akalia.

Jumbe akawaita wote watatu.

"Uani kwangu kimebaki chumba kimoja, nacho ni cha aliyemwokoa binti yangu. Atakayekipata atakula na watu wangu, na akifa tutamzika sisi."

Mashavu akasema, "Bila kipimo changu, mzee, mngekuwa na rundo la mbao tu."

Mdoe akasema, "Mkunga hakuvuka juu ya fimbo. Kilichowaokoa nilikichonga bila kuombwa, huku nikichekwa."

Semboja akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Kipande kilikuwa kimelala nchi kavu, nao wamesimama wanakitazama."

Mashavu alitaka kuongeza kwamba tangu mumewe afe, kilio cha yule mtoto ndicho sauti ya kwanza kusikika nyumbani mwake mbali na yake. Akanyamaza, maana aliwaona wenzake nao wanavyoutazama mlango wa kile chumba.

Jumbe hajaamua mpaka leo. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: je, chumba kile alikistahili nani?