Biskuti za Meza Maalumu

"Kamati Ndogo ya Muda ya Kuratibu Rangi, Ukubwa na Mgawanyo wa Biskuti za Watoto katika Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana."

Ndugu zangu, msicheke. Ndivyo ilivyoandikwa juu ya jalada, kwa herufi kubwa, na chini yake mhuri. Ulikuwa usharika fulani, si huu wetu. Sisi tuna kamati zetu.

Katika usharika huo kulikuwa na mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili, mjane wa makamo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe na moyo wa kubembeleza ndama. Krismasi ya mwaka uliotangulia, watoto wake walikuwa wameletewa biskuti za kununua, zikapakwa palepale kanisani rangi nyekundu ya chupa inayong'aa kama rangi ya kucha. Wakala, midomo ikawa myekundu, wakafurahi. Binti mmoja wa miaka saba alikula mbili. Kabla wimbo wa pili haujaisha uso ulikuwa umemvimba, macho yamefunga, shingo imejaa vipele, akakimbizwa zahanati mgongoni mwa mzee wa kanisa. Alipona, Mungu ni mwema. Mganga akasema mwili wa mtoto huyu haupatani na rangi ya chupa, asiionje tena.

Sasa niulizeni: kanisa lilifanya nini? Kanisa liliunda kamati.

Wala haikuwa kamati ya watu wabaya. Walikaa vikao vitatu, wakanywa chai, wakaomba kabla na baada. Waliamua kwamba rangi za sikukuu ni nyekundu na njano. Kijani kiliondolewa baada ya mjadala mrefu, kwa sababu mjumbe mmoja alihofia watu wataulizana kanisa limeegemea chama gani. Kisha wakafika kwa yule mtoto, na hapo, kwa huruma kabisa, wakaandika hivi: "Biskuti yoyote iliyo nje ya rangi zilizoidhinishwa itapelekwa Meza Maalumu, na mlaji wa biskuti hiyo ataketi katika meza hiyo na si kwingineko." Maana yake, mtoto atapewa biskuti nyeupe zisizo na kitu, katika sahani yake, kwenye kimeza chake, kando ya mlango wa stoo. Kiti kimoja. Usalama kwanza.

Mwalimu alilisoma azimio hilo kwenye ubao wa matangazo, akalisoma tena, kisha akaenda nyumbani kwa mtoto. Mama mtu alimkaribisha, akampa kigoda, akamwambia wazi: "Mwalimu, mwaka huu tutabaki nyumbani. Mwanangu si kioja cha kuwekwa peke yake, kila mtu amtazame anavyotafuna."

Mwalimu akakisogeza kigoda karibu. Akiwa anatafuta la kusema, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwalimu, hakuna biskuti ambayo tunaweza kula wote?"

"Ipo," mwalimu akasema.

Hakujua kama ipo. Lakini ninyi mnajua, neno likishamtoka mwalimu mbele ya mtoto, halirudi.

Hakwenda kugombana na kamati. Alikuwa ameishi kanisani miaka mingi, alijua kwamba azimio halibishaniwi, azimio husomwa vizuri. Na aliposoma vizuri aliona kwamba limetaja nyekundu na njano tu, halikusema rangi itoke wapi. Choya, yale maua ya juisi, ni nyekundu. Bizari ya manjano haina haja ya kuelezwa. Vyote viwili mtoto yule alikuwa akivitumia kwao tangu azaliwe, juisi na mchuzi, na hajawahi hata kujikuna.

Basi Jumamosi kabla ya Krismasi akawakusanya watoto tisa katika jiko la nyuma ya kanisa, na yule binti akiwa miongoni mwao, mama yake amemruhusu aje kupika tu. Akachukua unga wa ngano usiokobolewa. Sukari akatia robo ya ile iliyozoeleka, pengo akaliziba kwa ndizi mbivu zilizopondwa na asali kidogo.

"Mwalimu, ndizi tena?" akauliza mmoja. "Tunapika biskuti au tunapika uji?"

"Wewe koroga."

"Mwalimu, huyu anakula unga!"

"Sili, naonja."

"Unaonja mara ya saba?"

Yule binti alipewa bakuli la bizari. Alikanda mpaka mikono ikawa ya njano hadi kwenye viwiko, akajipaka na puani makusudi, na wenzake wakamwomba awapake na wao. Wakakata nyota zenye miguu mitatu, na kondoo ambao, tuwe wakweli, walifanana na viazi vitamu. Mwalimu alikuwa na raha moyoni kiasi kwamba alianza kuimba pambio. Na mtu anapoimba pambio jikoni, ndugu zangu, ndipo anapokosea.

Akina mama hapa wananielewa. Ukipika majani ya kunde, ukatia magadi kidogo, majani yanalainika na kijani chake hakipotei. Mama yake mwalimu alipika hivyo, na bibi yake pia. Mwalimu akawaza: kama magadi yanashika rangi ya kunde, yatashindwaje kushika ya choya? Akaurudisha unga wote bakulini, akatia kijiko katika bakuli hili, kijiko katika bakuli lile. Rangi ikaanza kununa papo hapo. Mwalimu akasema moto utairudisha. Wakaukata unga upya, akaupanga ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, akaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko, wakasubiri.

Mfuniko ulipofunuliwa, watoto wote tisa walichungulia kwa pamoja, vichwa vikagongana.

Za choya, zilizokuwa ziwe nyekundu, zilitoka na rangi ya wingu la masika. Za bizari, zilizokuwa ziwe njano, zilitoka na rangi ya tofali. Wakapika awamu ya pili, ikawa vilevile, na ya tatu vilevile, hata unga ukaisha. Biskuti mia na ushee, na hakuna hata moja iliyofanana na kilichoombwa.

"Zinanukia vizuri lakini," akasema mtoto mmoja kwa upole.

"Zinanukia makande kidogo," akasema mwingine, ambaye hakuumbwa na upole.

Mama mmoja wa kwaya alikuwa amepita kuchukua masufuria. Akachungulia, akamvuta mwalimu pembeni. "Mwalimu, usijiumize. Ile chupa ya rangi ya mwaka jana si ipo kabatini? Zipake za wenzake nyekundu, zipendeze. Huyu mmoja ana meza yake tayari. Kuna ubaya gani?"

Mwalimu akafungua kabati. Akaitoa chupa, akaitikisa, na rangi ilikuwa bado hai. Nisiwafiche, alikaribia kufungua kizibo. Katibu wa kamati alikuwa anakuja kukagua saa tisa, na ilikuwa saa nane na nusu.

Yule binti alikuwa amesimama nyuma yake, pua ya njano. Akasema, "Weka tu, Mwalimu. Mimi nitakaa kule mlangoni. Tangu mwaka jana kwenye karamu nakaa kando. Nimeshazoea."

Nimeshazoea! Mtoto wa miaka minane! Ndugu zangu, mtoto wa miaka minane amezoea nini, kama si kile tulichomzoesha sisi?

Mwalimu akairudisha chupa kabatini, akafunga, akawaambia watoto wanawe mikono.

Saa tisa kamili Katibu akabisha hodi. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee mkimya, miaka kumi na tisa katika kamati mbalimbali na hajawahi kuvunja kanuni hata moja, wala kuipindisha, wala kuisahau. Watoto wakamwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba moja ya wote. Akafungua jalada, akatoa vipande viwili vya utepe, kimoja chekundu, kimoja cha njano. Vilikuwa sampuli. Akachukua biskuti ya wingu, akaiweka kando ya utepe mwekundu. Akaitazama. Akachukua ya tofali, akaiweka kando ya wa njano. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii ni rangi gani?" akauliza.

"Ya tofali, mzee," wakajibu watoto.

"Tofali bichi au la kuchoma?"

"La kuchoma."

Akaandika. Mwalimu akaona afadhali aseme yeye kabla hajahukumiwa. "Mzee Katibu, kosa ni langu, nilitia magadi. Lakini hazina rangi ya chupa hata tone, mtoto yeyote anaweza kuzila. Nakuomba, kwa maoni yako wewe..."

"Mwalimu," akasema Katibu, "mimi sina maoni. Mimi nina azimio."

Akalitoa. Akalisoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma hukumu. "Biskuti yoyote iliyo nje ya rangi zilizoidhinishwa itapelekwa Meza Maalumu." Akasoma mstari uliofuata kimoyomoyo. Akausoma tena, kidole kikiufuata. Halafu akausoma kwa sauti: "Na mlaji wa biskuti hiyo ataketi katika meza hiyo na si kwingineko."

Akainua kichwa. "Je, kuna biskuti nyingine zaidi ya hizi?"

"Hakuna, mzee. Unga umeisha."

"Watoto wote wa Shule ya Jumapili ni wangapi?"

"Arobaini na mmoja, na huyu akiwemo."

"Basi," akasema Katibu, huku akiandika, "Meza Maalumu itahitaji viti arobaini na kimoja."

Mama wa kwaya akacheka, akaziba mdomo. Katibu hakucheka. Akapiga mhuri, akafunga jalada, akaaga. Mlangoni akageuka, akaomba biskuti moja ya tofali, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi. Watoto wakamwona kwa dirisha akiila kumbukumbu hiyo kabla hajafika getini.

Kwa hiyo Krismasi, baada ya ibada, ilikuwa hivi. Meza Kuu iliandaliwa katikati ya ukumbi, kitambaa cheupe, maua, viti vya kamati na vya wazee na cha mchungaji wao, na juu yake vitafunwa vilivyoidhinishwa: hakuna. Huku kando ya mlango wa stoo, ile meza ndogo ilikuwa imeungwa na madawati, mabenchi, ndoo zilizogeuzwa na ubao wa kuchanganyia zege wa watu wa ujenzi, na watoto arobaini na mmoja wamebanana wakila nyota za miguu mitatu, wakigombea kondoo kwa kelele. Na yule mama aliyesema atabaki nyumbani alikuwa amekuja, kwa sababu mwanawe alirudi Jumamosi ile na pua ya njano akieleza habari mpaka akalala. Alikuwa amesimama ukutani na khanga yake, hatazamwi na mtu.

Wazee wakavumilia. Wakaimba. Mwisho mjumbe mmoja, yule wa habari ya kijani, akainuka taratibu, akaenda kule mlangoni, akamwuliza mtoto wa kwanza aliyemkuta, "Mjukuu wangu, hapa mtu anapataje kiti?"

Mtoto akamwangalia. "Sogea tu, babu. Keti."

Sasa, wapendwa, mnafikiri nimewaletea habari ya biskuti? Nimekuja kuwauliza kuhusu meza. Kwa maana sisi hatuwafukuzi watu. Sisi ni watu wastaarabu mno. Sisi tunawatengea. Binti aliyezaa nyumbani kwao, tunamtengea benchi la nyuma, tunasema ni kwa heshima yake. Anayetumia dawa kila siku, tunamtengea kikombe chake, tunasema ni kwa usalama wake. Mwenye kiti cha magurudumu tunamwekea nafasi pale penye upepo mzuri, karibu na mlango, asipate shida ya kutoka. Tunaomba kabla ya kuamua, na tunaomba baada. Na wao wanatujibu, "Sawa, nimeshazoea," nasi tunaandika katika muhtasari kwamba ameridhika.

Ni nani kati yetu hajawahi kukaa kamati ya namna hiyo? Hata kama ilikuwa ya mtu mmoja, kichwani mwake, wakati anapanga nani aalikwe kwenye arusi?

Na leo tunaimba kuhusu kuzaliwa kwa Bwana. Hebu kumbukeni alizaliwa wapi. Nyumba ilijaa, kila kitanda kilikuwa na mwenyewe, na bila shaka mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, akawatengea wale wasafiri mahali pao, kando, penye utulivu, pamoja na ng'ombe. Mungu alipewa Meza Maalumu. Hakulalamika, wala hakuomba ahamishiwe Meza Kuu. Alikaa palepale, na tangu siku hiyo karamu iko kule. Wachungaji wa kondoo waliifuata kule, wenye hekima waliifuata kule, na sisi tumekaa katikati ya ukumbi, kitambaa kimenyooka, maua yamepangwa, tunashangaa mbona sahani ni tupu.

Tusimwonee huruma aliyekaa kando. Tujionee huruma sisi. Na tukiisha kujionea huruma, tuinuke, maana kuinuka hakuhitaji kikao.

Muhtasari wa kamati ile ulisema kwamba zoezi lilifanyika kwa mujibu wa azimio na hapakuwa na dosari. Kilichotokea ni kwamba yule mtoto alikula biskuti nne, amebanwa katikati ya wenzake, na hakuvimba.