Fundi Naye Hupimwa

Fundi naye hupimwa. Ndiyo, mmeisikia vizuri. Asubuhi ya leo pale zahanati mama mmoja alimwambia nesi wetu maneno hayo, nesi aliposema kwamba Krismasi haimhusu kwa sababu ana zamu, ana dawa za kuagiza na wajawazito wa kupokea. Nanyi watoto mmekuja mbio kuniuliza. Eliwaza hapa anadhani maana yake ni kwamba kila fundi lazima afanye mtihani. Kaka yake anasema siku ya mwisho Mungu atawapima mafundi wanaoiba vitambaa. Hilo la pili si baya, lakini sivyo. Kaeni niwaambie. Methali hii ilianza hivi, tena hapahapa kijijini kwetu, nami nilikuwepo nimeshika futi ya kupimia mkononi.

Kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Nakijwa. Alishonea kibarazani kwa marehemu baba yake, kando ya njia ya kanisani, na mishono yake ilisifiwa milima yote hii ya Upare. Mnajua jinsi Krismasi ilivyo huku kwetu. Ndugu wanapanda kutoka Tanga, Arusha na Dar es Salaam, na kila mtu anataka nguo mpya. Basi kuanzia mwezi wa kumi na moja vitambaa vilianza kuingia kwake, kila kimoja kimefungwa na kikaratasi cha jina na vipimo. Ikifika wiki ya mwisho, usingeiona sakafu.

Nakijwa alishona mpaka kengele ya kwanza ya asubuhi ya Krismasi. Akikabidhi nguo ya mwisho, alifunga mlango na kulala. Aliamka saa kumi alasiri, akapasha moto mboga ya jana. Miaka kumi na sita alifanya hivyo. Tulipokutana naye kesho yake tulimpa pole badala ya kumtakia heri.

Hakuwa mkali wala mwenye kinyongo. Ila ukimtajia sikukuu alisema, "Krismasi ni ya watoto, mwenzangu. Sisi wengine ni pindo na vifungo." Nami nilikuwa na jambo moja lililonishangaza. Fundi bora kuliko wote alikuwa na sketi mbili tu, moja ya bluu, na nyingine iliyowahi kuwa ya bluu.

Mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku tisa, nilikwenda kujaribu blauzi yangu. Akaingia Bibi Naetwe, mke wa mwinjilisti wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mbuzi aliye mlima wa pili. Alikuwa na kitambaa cha kijani chenye vijiua vyeupe.

"Mshonee binti yangu gauni," akasema. "Anakuja Jumamosi kutoka Tanga."

"Vipimo viko wapi, Bibi?"

"Sina. Lakini mwili wenu ni mmoja tangu mkiwa shule. Jipime wewe."

Nakijwa akajizungushia futi kiunoni, akaandika. Kifuani, akaandika. Sasa ikaja zamu ya mgongo. Jamani, jaribuni siku moja kujipima mgongo, kwapa hadi kwapa. Futi ilianguka mara tatu. Mwishowe akanipa mimi.

"Inua mikono," nikamwambia. Akainua. Nilipopitisha futi kwapani, akacheka kama aliyetekenywa. Kisha akanyamaza ghafla, mikono bado iko juu.

"Nimekuumiza?" nikauliza.

"Hapana. Sijapimwa tangu nina miaka kumi." Akashusha mikono polepole. "Baba alikuwa akinipeleka kwa fundi, wananisimamisha juu ya kigoda. Fundi anasoma namba, baba anasema, 'Ongeza kidogo, huyu anakua.' Unajua, Krismasi yangu haikuwa ikianzia kanisani. Ilianzia pale kwenye kigoda. Nilirudi nyumbani nikihesabu siku."

Akatutazama sisi wawili, akauliza kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza.

"Ile furaha ilikwenda wapi? Nauliza kweli. Haikufa, maana naiona kwenye nyuso zenu mnapokuja kuchukua nguo. Mimi niliiacha wapi?"

Bibi Naetwe akaweka kitambaa chake juu ya cherehani. Nami nikaandika namba ya mgongo kwenye kikaratasi.

Gauni la kijani lilishonwa kwa siku moja. Jumamosi yule binti alilivaa, likamkaa kama ngozi, akaondoka nalo. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini siku mbili kabla ya Krismasi nilirudi kufuata blauzi yangu, nikaona kikaratasi kile cha vipimo kimetundikwa kwenye msumari pamoja na vya wateja, nacho hakina jina.

"Hiki cha nani?"

"Changu," akasema Nakijwa bila kuinua macho. Kisha akafungua sanduku na kunionyesha kitambaa cha rangi ya zambarau. "Nilikinunua miaka minne iliyopita. Kila mwaka nasema, mwaka huu. Tangu uliponipima sipati raha, kila nikikata nguo ya mtu nakiwaza hiki."

Sakafuni palikuwa na mafurushi kumi na mawili. Ningependa kuwaambia kwamba nilisema neno la busara. Nilisema, "Na blauzi yangu je?"

Wakati huohuo Bibi Naetwe alikuwa amefika kuchukua suruali ya mumewe, na alikuwa amesikia yote.

"Anza na lako," akamwambia.

"Siwezi, Bibi. Watu wananingoja. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kupima wengine."

"Fundi naye hupimwa," akasema Bibi Naetwe. "Au ninyi mafundi mliumbwa bila mabega?"

"Na nguo hizi zote?"

Bibi Naetwe akachambua rundo, akaitoa suruali ya mwinjilisti. "Hii imebaki pindo tu. Pindo naliweza." Akaketi kwenye ngazi, akatunga uzi sindanoni. Halafu akanitazama mimi, akanitazama sana, mpaka nikaichukua blauzi yangu na vifungo vyake. Kisha tukatuma habari kwa wenye nguo.

Kufikia adhuhuri tulikuwa wanawake tisa pale kibarazani, tukishona kwa mkono. Si wote waliopenda. Mama Kiondo alisema gauni la binti yake halitaguswa na mikono ya kulima tangawizi. Akakifunga kitambaa chake, akaondoka nacho bila kuaga. Huyo alikuwa mteja wa Nakijwa tangu mwaka wa kwanza. Nakijwa aliinuka kumfuata, akafika kwenye ngazi, akamwona anapanda njia. Kisha akarudi kwenye cherehani, akakata kitambaa cha zambarau. Nadhani siku ile hakufanya jambo gumu kuliko hilo la kurudi na kuketi.

Krismasi ile tulichekesha. Mguu mmoja wa suruali ya mwinjilisti uliburura vumbi mpaka madhabahuni, na kifungo changu cha juu kilitazamana na tundu la chini. Nakijwa alifika kabla ya kengele, ndani ya gauni lake. Tarumbeta zilipoanza alifumba macho, kidole chake kikipita na kurudi kwenye mshono wa mkono. Nilimnong'oneza, "Umejua ile furaha ilikuwa wapi?"

"Bado," akasema, "lakini imenikuta."

Mama Kiondo alinuna mwaka mzima, halafu akarudi, kwa sababu mafundi wengine walimharibia vitambaa. Nakijwa naye aliendelea kushonea watu mpaka uzeeni. Ila kila mwezi wa kumi na moja wanawake walikwenda kwake kwa zamu, mmoja kupiga pindo, mwingine vifungo.

Hivyo watu wakalichukua neno lile. Ukimwona mtu anahangaikia wengine mpaka amesahau kwamba na yeye ana mabega, usimpe pole ukapita zako. Chukua kwanza pindo moja mikononi mwake, ukae chini ulishone. Hapo ndipo utakuwa na haki ya kumwambia: fundi naye hupimwa.