Madonge Thelathini ya Bibi Semeni

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika. Anayekohoa akohoe amalize, maana nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, babu wa babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kando ya kinamasi. Nyuma ya kijiji mashamba, mbele ya kijiji matope. Matope, matope, matope, mwendo wa asubuhi nzima. Na ng'ambo ya matope palikuwa na ziwa dogo, maji yake maangavu, na kila mwaka bata bukini walitua pale siku chache tu, wakapumzika, wakaenda zao.

Nchi ile haikuwa na mawe. Ungetembea siku mbili usipate jiwe la kumtupia mbwa. Kwa hiyo wawindaji wa kijiji kile, waliowapiga ndege kwa kombeo, walirusha madonge ya udongo uliochomwa. Donge moja kama ndimu. Jekundu, gumu, zito. Likitoka kwenye kombeo, vuuu! Likimpata bata, pu! Bata chini.

Na madonge hayo aliyafinyanga mtu mmoja tu, bibi mmoja aliyeitwa Semeni. Mfinyanzi. Mfupi, mkavu, meno yake mengi yameshaondoka. Huyo ndiye aliyekata shauri kila mwindaji abebe madonge mangapi. Hakuwa mkuu wa kijiji, wala hakuna aliyemweka. Ila akisema ishirini, ulibeba ishirini.

Basi mwaka huo nzige walikuja. Mtama ulikwisha. Maharage yalikwisha. Majani ya mihogo yalikwisha. Watu wakakaza mishipi, wakangoja bata. Na kijijini alikuwepo mwindaji mmoja, Mwegelo. Mkewe, Sikudhani, alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, mtoto wa kike, wa kwanza. Mtoto ananyonya, hapati kitu. Analia. Ananyonya tena, hapati kitu. Analia. Mwegelo akawa anakaa nje ya nyumba ameziba masikio, na bado anasikia.

Siku ya tano, asubuhi, wakasikia sauti juu. Honk! Honk! Honk! Bata wamekuja, kundi juu ya kundi, wanaelekea ziwani.

Mwegelo akakimbia kwa Bibi Semeni. Alimkuta anatoa vyungu kwenye majivu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzazi hajambo?"

"Hajambo kidogo. Bibi, kesho tunaingia. Nipe madonge mia."

"Mia?"

"Mia."

Bibi Semeni akapangusa mikono. Akachukua vigae vya chungu kilichopasuka, akavipanga juu ya gogo, mbali, akarudi akakaa.

"Rusha," akasema.

Mwegelo akarusha. Vuuu, pa! Kigae chini. Vuuu, pa! Kigae chini. Kila akirusha, bibi anachora mstari kwenye majivu kwa kidole. Kumi, hakukosa. Ishirini, alikosa mara moja. La ishirini na saba likapita pembeni. La ishirini na tisa likapita juu. La thelathini na moja halikufika hata kwenye gogo. Jasho lilimtoka Mwegelo kama amekimbizwa.

"Thelathini," akasema Bibi Semeni.

"Bibi!"

"Ungekuwa umekula, ningekupa zaidi. Mkono wa leo ni wa thelathini."

"Bibi, mwanangu analia."

"Namsikia."

"Ungekuwa unamsikia ungenipa mia!"

Bibi akamtazama. Midomo yake ikacheza kama anayetaka kusema neno, halafu akainama, akamhesabia madonge thelathini kwenye mkoba wake wa ngozi. Hakumpunguzia, hakumzidishia. Mwegelo akaondoka bila kuaga.

Lakini akili haikutulia. Njia nzima alikuwa anahesabu. Thelathini, na mengine yatakosa. Thelathini, na mke, na mtoto, na mama mkwe. Akasema moyoni, huyu bibi anaishi peke yake, atajuaje uchungu wa kulisha nyumba?

Alfajiri, kabla wenzake hawajakusanyika, akapita nyuma ya nyumba ya Bibi Semeni. Pale palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka madonge yamepangwa yakauke. Yalikuwa ya kijivu, hayajaona moto. Mwegelo alijua kuwa ni mabichi. Akajiambia, udongo ni udongo, likimpiga bata kichwani bata hataliuliza limechomwa au halijachomwa. Akachukua arobaini. Mkoba ukajaa mpaka mdomoni.

Wawindaji walikuwa tisa. Mkubwa wao aliitwa Mgeta, mtu wa makamo, mpole, ndiye aliyeijua njia. Wakaingia kinamasini, mmoja nyuma ya mwingine. Chubwi, chubwi, chubwi. Matope kwenye vifundo. Chubwi, chubwi, chubwi. Matope kwenye magoti. Mafunjo yamesimama pande zote, marefu kuliko mtu, hakuna upepo.

Wenzake walikwenda. Mwegelo alibaki nyuma.

"Unakuja?" Mgeta akauliza.

"Nakuja."

Wakaenda tena. Maji yakapanda mpaka kiunoni, yakaingia mkobani. Na ninyi mnajua udongo mbichi ukikutana na maji unakuwaje. Yale madonge arobaini yakaanza kulainika. Yakayeyuka. Yakawa uji, uji ukayafunika yale thelathini mazuri, yote yakashikana, na ngozi ya mkoba ikanywa maji ikavimba. Mkoba ulioingia mzito sasa ulikuwa kama ndama.

"Unakuja?"

"Nakuja!"

Hakuwa anakuja. Mguu wa kulia ulizama, akauvuta, wa kushoto ukazama zaidi. Akauvuta wa kushoto, wa kulia ukaenda chini. Blup. Tope kwenye mbavu. Blup. Tope kwenye kifua. Mkanda wa mkoba ulikuwa umemtoka begani, ameushika kwa mkono, na mkoba unamvuta chini.

"Mgeta!" akaita. "Mgeta weeee!"

Wakarudi mbio, wakamwona. Wakavua kombeo zao, wakazifunga moja kwa nyingine zikawa kamba, wakamtupia. Akaishika kwa mkono mmoja.

"Shika kwa yote miwili!" Mgeta akasema. "Tupa mkoba!"

Mwegelo hakutupa.

"Tupa mkoba, Mwegelo!"

Alimwona mtoto. Alimwona Sikudhani amelala ubavu, macho yameingia ndani. Akakaza mkono. Blup. Tope kwenye shingo.

Mgeta akalala kifudifudi juu ya mafunjo aliyoyakanyaga, akatambaa mpaka akamfikia, akainua mkono, akampiga kofi. Paa! Kofi la nguvu, la uso mzima.

Mwegelo akashtuka. Vidole vikafunguka. Mkoba ukaenda. Blup, blup, blup, ukatoa mapovu matatu, tope likajifunika kama vile hakijapita kitu. Wakamvuta. Moja, mbili, heee! Moja, mbili, heee! Akatoka kama mzizi wa muhogo, mweusi kuanzia shingoni mpaka miguuni.

Akakaa juu ya mafunjo akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu.

"Nitarudije nyumbani?" akasema. "Nitarudi na nini?"

Kila mtu alikuwa na madonge yake aliyopimiwa, na kila mtu alikuwa na nyumba yake inayongoja. Wakatazamana. Mmoja akatazama pembeni. Mwisho Mgeta akatia mkono mkobani, akatoa madonge mawili, akayaweka juu ya paja la Mwegelo. Wa pili akatoa mawili. Wa tatu akasita, akatoa mawili. Wote wanane. Kumi na sita.

Wakafika ziwani. Maji yalikuwa hayaonekani kwa bata. Siku nyingine Mwegelo angerusha akiwa mbali, akarusha tena, akarusha tena, kwa kuwa mkoba umejaa. Siku hiyo alikuwa na kumi na sita, na kila moja alijua limetoka mkononi mwa nani. Akatambaa kwenye matete mpaka akayaona macho ya bata. Akangoja mpaka bata ainue shingo. Vuuu, pu! Akangoja tena. Vuuu, pu! Kundi lilipoinuka, vrrrrr, likageuka juu ya kichwa chake, akasimama akarusha la mwisho.

Bata tisa. Huo ndio mzigo aliokuwa na nguvu ya kuubeba kwa siku ile, hata mmoja zaidi asingemweza. Wakarudi jua halijazama, na kijiji kizima kikanuka mchuzi. Sikudhani alikunywa bakuli la kwanza, akanywa la pili. Asubuhi mtoto alinyonya, akapata, akalala.

Mwegelo akachukua bata mmoja aliye mnono kuliko wote, akaenda kwa Bibi Semeni. Alimkuta anakanda udongo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mzazi hajambo?"

"Hajambo. Maziwa yametoka." Akaweka bata chini. Akabaki amesimama. "Bibi, yale madonge mabichi, arobaini. Niliyachukua mimi."

"Najua. Niliamka nikakuta mkeka una mapengo kama kinywa changu."

"Mbona hukunitumia mtu anirudishe?"

"Mlikuwa mmeshaingia. Nilikwenda mpaka ukingoni nikaita. Hamkusikia. Miguu hii haiendi zaidi ya hapo. Nikakaa pale tangu asubuhi mpaka nilipowaona mnatoka. Nikahesabu vichwa. Tisa. Ndipo nikarudi nyumbani."

Mwegelo akapiga magoti kuomba radhi. Bibi akamzuia kwa mkono wenye udongo.

"Kosa tuligawane," akasema. "Nilikupa hesabu, sikukupa sababu. Nilipima mkono wako nikaacha hofu yako. Kaa hapa nikwambie nililotakiwa kukwambia juzi. Mume wangu alikuwa mwindaji. Mwaka mmoja wa njaa aliniomba madonge mia, nami nikampa mia, mabichi hata moja halikuwemo, mazuri yote. Nikayapanga mwenyewe mkobani. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Waliniambia walimpigia kelele autupe mkoba, akakataa. Tangu siku hiyo najiuliza neno moja. Hivi hakunifikiria? Huku udongo, huku mimi, akachagua udongo?"

Mwegelo akasema, taratibu, kama anayekanyaga mahali asipopajua.

"Hakuchagua, Bibi. Mimi nimetoka huko jana. Nilimfikiria mke wangu, nikamfikiria mtoto, na kadiri nilivyowafikiria mkono ndivyo ulivyozidi kukaza. Sikuona kama nimeshika udongo. Niliona nimewashika wao. Kama si kofi la Mgeta, ningezama nimewashika. Mume wako alikuwa amekushika wewe."

Mikono ya Bibi Semeni ilikuwa ndani ya udongo, ikasimama. Machozi yakamtoka, yakadondoka kwenye udongo, naye hakuyafuta. Mwegelo akakaa naye mpaka alipotulia. Kisha akakaza shuka lake begani, akaingiza mikono yake udongoni, wakakanda pamoja hadi jua likapanda.

Kuanzia mwaka ule, kila mwindaji aliyekwenda kupimiwa alipewa hesabu yake, akaketishwa chini, akaelezwa na sababu. Kinamasi kile hakikumla tena mwindaji muda wote Bibi Semeni alipokuwa hai. Na alipofariki, waliomchimbia kaburi walikuwa wawindaji, na aliyeshuka ndani kumpokea alikuwa Mwegelo.

Basi enyi mliokaa mbele yangu, mkifunga safari, bebeni kiasi ambacho mkono unaweza kukitumia, na kiasi ambacho mkono unaweza kukiachia. Na mkimkataza mtu jambo, mwambieni na kwa nini, hata kama linawauma kulisema.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nipisheni, nami ninyooshe miguu.