Mwenyewe na Gunia la Mwani

Wahenga hawakuwa na redio, lakini walijua kwamba mtu akikazana kuuliza habari imezaliwa na nani, huenda akaukuta ukoo wake. Ndipo wakasema, mtaka nyingi nasaba hupata mwingi msiba.

Haroub alikuwa mnunuzi wa mwani huko Micheweni, mwenye wake wawili na kitambi kilichomtangulia kila alikokwenda. Siku moja redio ilitangaza kwamba anawapunja wakulima kwenye mizani. Yeye hakuisikia habari hiyo, alisimuliwa tu. Hata hivyo alivimba kama samaki bunju, akamshitaki mwandishi, Nusaiba, na kuiomba mahakama imlazimishe amtaje aliyempa habari.

Hakimu alikubali. "Binti, mtaje, au leo utalala rumande."

Nusaiba alikuwa amekuja na mkoba wenye kanga na mswaki. "Mheshimiwa, nilimpa neno langu. Nikimtaja leo, kesho nani atanifungulia mlango?"

"Mwongo hana jina," Haroub alidakia. "Mheshimiwa, naomba kipindi kichezwe hapa, watu wausikie uzushi wake."

Kikachezwa. Sauti ya mtoa habari ilikuwa imegeuzwa, ikawa nzito kama ya fahali mwenye mafua. Ilisema: "Mwenyewe akipima, huliinua gunia kwa goti, ndani ya kanzu, likaonekana jepesi. Kanzu zote za mwenyewe zina chumvi gotini. Kuzifua tabu."

Bi Time, mkulima wa mwani, aliziba mdomo kwa mtandio. Pemba nzima inajua kwamba mke mwenye adabu hamtaji mumewe kwa jina. Humwita "mwenyewe", na hakuna mwanamke mwingine amwitaye hivyo. Wake wa Haroub, Bi Asya na Bi Kauthar, walikuwa wameketi nyuma bega kwa bega, nyuso zao makini kama za watahiniwa.

Haroub aligeuka. Akamtazama wa kwanza. Akamtazama wa pili. Jasho likamtoka hadi kwenye kofia.

"Haya, mzee," hakimu alisema taratibu, naye macho yamemtoka. "Bado unataka atajwe?"

"Naondoa ombi, mheshimiwa."

"Na kesi?"

"Na kesi."

"Mbona umeshika goti, baba?" Bi Time aliuliza kwa huruma nyingi. "Linauma?"

Nusaiba alitoka huru na mswaki wake mkavu, bila ya kutaja hata herufi moja. Nje, Bi Kauthar alimsogelea mumewe kwa upole.

"Mwenyewe leo atakula kwangu au kwa Bi Asya?"

"Popote mwenyewe atakapopenda," Bi Asya akajibu.

Haroub hakula kwa yeyote. Tangu siku hiyo hupima mwani akiwa amesimama hatua tatu mbali na gunia, na kila usiku hulala jicho moja wazi, asijue ni mke yupi. Hakika, mtaka nyingi nasaba hupata mwingi msiba.