Moshi wa Bi Nankondo

Moshi haushibishi. Mnaitamka kila siku kumcheka mwenye makeke, na chanzo chake hamkijui! Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huko Upareni, milimani, nyumba ilipimwa kwa moshi wake. Paa likifuka kutwa, watu walisema hapo pana neema. Bi Nankondo, mjane aliyesifika kwa ukarimu, alichochea kuni mbichi makusudi ili majirani waone. Macho yake yalikuwa mekundu, msitu wa juu ya chemchemi ulibaki visiki, na maji ya mfereji yalizidi kupungua. Yeye hayo hakuyahusisha na jiko lake hata kidogo.

Mkaza mwanawe, Elieshi, alikuja na ujuzi wa kwao: jiko la udongo lililozibwa pande zote, linalotosheka na vijiti vitatu vikavu na lisilotoa moshi wa kuonekana.

"Mwanangu, unataka watu waseme kwangu kuna njaa?" Bi Nankondo alimwambia. "Jiko lako kaliweke nyuma ya zizi."

Ikafika siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya kuzibua mfereji. Zamu ya kulisha watu ilikuwa ya Bi Nankondo, na heshima yake yote ilikuwa ndani ya chungu kimoja cha makande. Akarundika kuni mbichi. Moshi ukapanda, wachimbaji wakauona, wakameza mate, wakashuka mbio.

Bi Nankondo akafunua chungu. Moto wa kuni mbichi ulikuwa hafifu; mahindi yalikuwa bado magumu kama kokoto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," Elieshi akamnong'oneza, "nimepika kingine kule nyuma ya zizi. Kimeiva zamani. Pakua wewe, useme ni chako."

Akapakua. Mzee Mbwambo, aliyekuwa wa kwanza kupokea, akasema kwa furaha, "Tulipoona moshi ule tukajua leo ni kushiba tu!"

Angeweza kunyamaza, na jina lake lingebaki salama. Lakini alimtazama mkaza mwanawe, akamkabidhi upawa.

"Moshi haushibishi, baba. Mlichokiona ni changu. Mnachokula ni cha mwanangu huyu."

Watu wakacheka, naye akacheka hadi machozi. Juma lile lile wanawake walianza kumfuata Elieshi awafundishe kufinyanga jiko lile. Miaka ikapita, visiki vikachipua, mfereji ukajaa maji hata wakati wa kiangazi. Na kila aliyemsifu Bi Nankondo kwa neema ile iliyotoka nyumbani kwake alijibiwa jambo moja tu, bila kuona haya: moshi haushibishi.