Mvua Katika Maeneo Machache

Paukwa!

Pakawa!

Wingu lilitanda!

Likanyesha?

Hata Kiboko aliuliza hivyohivyo. Sogeeni.

Hapo kale Kiboko alitoka mtoni, puu, puu, puu, akapanda jabali la Bi Pimbi. Juu ya jabali Bi Pimbi na wanawe sita walikuwa wameanika majamvi matatu ya makopa, mihogo waliyoimenya na kuikata ili ikauke. Ndicho chakula chao cha miezi yote ya njaa. Hawakuwa na kingine.

"Kuanzia leo makopa haya ni yangu," alisema Kiboko, akatia kipande kinywani.

"Kula, bwana mkubwa," alisema Bi Pimbi. "Ila ni mihogo michungu. Usipongoja ikauke, tumbo litakusokota mpaka umsahau mama yako. Bado siku mbili za jua."

Tfu! Kiboko akatema. "Na mvua ikinyesha?"

"Yataoza, utayatupa yote."

Kiboko akatazama juu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma. Maisha yake yote ameishi majini. Kwake mvua ni maji na mto ni maji, ya nini kujisumbua na mawingu? Leo aliyaona yamejaa tele, wala hakulijua hata moja.

"Wewe kijitu," akasema, "huwa unajuaje?"

"Nayasoma, bwana mkubwa."

"Basi nisomee! Ukikosea nakukanyaga wewe na wanao."

Bi Pimbi akasafisha koo, akatangaza: "Leo kutakuwa na mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua."

Kiboko akasubiri. Akasubiri tena. "Sasa, hapa itanyesha au haitanyesha?"

"Itanyesha katika maeneo machache."

"Hapa ndipo maeneo machache?"

"Hapa ni eneo moja, bwana mkubwa. Kuna uchache kupita huo?"

Kiboko akashtuka. Akang'ata jamvi, akaliburuta mpaka chini ya mti wa majani mengi kando ya mto. Buru, buru, buru. Jamvi la kwanza, la pili, la tatu. Kabla hajapumua akasikia sauti juu ya jabali:

"Yale meupe kama pamba! Hayo ni ya jua. Anika!"

Buru, buru, buru. Akaanika.

"Yale membamba kama manyoya ya kuku, juu kabisa! Hayo yanaleta mabadiliko. Anua!"

"Mabadiliko gani?"

"Ya hali ya hewa!"

Buru, buru, buru. Akaanua.

"Mavundevunde! Yametawanyika kama magamba ya samaki. Anika!"

Buru, buru, buru. Akaanika.

"Lile jeusi, limejengeka kama kichuguu! Anua, anua!"

Akaanua mbio. Lile jeusi likapita taratibu, likaenda zake, bila kudondosha hata tone.

"Mbona halikunyesha?" Kiboko aliuliza.

"Limekwenda kwenye maeneo machache."

Ikafika saa saba. Jua lilikuwa linamchoma Kiboko mgongoni. Ubabe wote ulikwisha.

"Dada yangu Pimbi, mimi sielewi. Yale ya pamba yameingiliana na yale ya magamba. Sasa ni pamba au ni samaki?"

"Pole, kaka. Mimi nina ufa hapa kwenye jabali, mvua haiingii. Tena ni mwembamba. Mwizi mkubwa haingizi hata pua."

"Vizuri sana!" alisema Kiboko. "Mimi nawachukia wezi."

Akasukumia makopa ndani ya ufa mwenyewe, mpaka kipande cha mwisho.

"Nenda ukapoze ngozi," alisema Bi Pimbi. "Siku nitakayotangaza jua tupu, bila wingu hata moja, njoo uchukue mali yako."

Kiboko akajitumbukiza mtoni, chubwi! Kesho yake akatega sikio. Mawingu kiasi. Keshokutwa, mawingu kiasi. Nyuma ya jabali wale watoto sita walikuwa wanaanika, wanaanua, wanatwanga, twa, twa, twa.

"Dada Pimbi! Ngurumo gani hiyo?"

"Iko mbali, kaka. Haitufikii."

"Na hii harufu kama ya ugali?"

"Ni upepo wa kusini."

Kiboko hakuelewa, lakini aliona haya kuuliza tena. Mpaka leo anangoja. Anatoa macho na pua, anakodolea mawingu, hajui anachokiona, anazama tena. Chubwi!

Funzo, enyi wenzangu: sikilizeni utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi, na muufuate neno kwa neno. Hakuna aliyewahi kupata hasara.

Hadithi yangu imenyesha, imekatika. Aliyelowa akajikaushe kwao.